Meno Niliyomchorea Mzee Okelo

Akoth mwanangu,

Mambo ya safari nimemwachia shangazi yako. Amekufungia samaki wakavu, amekueleza habari za maji ya kuchemsha na za mabehewa yasiyofungika vizuri, na nimemsikia akirudia yote mara ya pili akidhani hukusikia mara ya kwanza. Hapo sina la kuongeza. Kesho jioni treni itakuchukua mpaka Nairobi, nyingine itakushusha Voi, na wiki ijayo utasimama mbele ya darasa la watoto usiowajua, katika nchi ambayo lugha yake huijui. Utakuwa mgeni. Kazi ya ugeni nimeifanya miaka mingi kuliko kazi ya picha, na kwa sababu hiyo nakuandikia.

Barua hii nimeitia ndani ya bahasha ya picha yako, ile tuliyopiga Jumapili. Kama umeifungua stesheni, irudishe kwanza mpaka treni iondoke.

Huko Voi watakupokea vizuri, sina shaka. Watakupa kiti chenye mgongo na kukuuliza habari za safari, na ukimaliza somo lako la kwanza mwalimu mkuu atasema umefundisha vizuri sana. Utalala na furaha. Kesho yake atasema hivyohivyo. Mwisho wa muhula utakuwa umelisikia neno hilo mara nyingi hata usijue kama kazi unaiweza au huiwezi, na hutakuwa na mtu wa kumuuliza. Upweke wa namna hiyo naujua. Watu wako pande zote, wote wanakuchekea kwa wema, na hakuna hata mmoja anayekuambia kitu.

Nilipanda meli Ukerewe nikiwa kijana kuja hapa Kisumu, na sanduku moja, nikamwambia mama yangu kwamba nitarudi baada ya msimu wa pamba. Alinisindikiza hadi majini akanishikisha viazi vya kuchoma. Sikurudi kukaa. Sasa mpaka umefungwa, meli za kwetu zimesimama, na nikienda gatini siku hizi naangalia maji tu. Mhindi mmoja aliyekuwa na studio karibu na soko alinifundisha kazi, na alipoondoka akaniachia kamera yake ya mbao, taa zake, na lile pazia lililochorwa ngazi na maua ambalo ulikuwa ukijificha nyuma yake. Aliniachia na imani yake pia. Aliamini kwamba mtu huja studio kutafuta uso ulio bora kuliko ule aliokuja nao, na kwamba fundi ni yule anayempa.

Nikaishika imani hiyo kama amri. Niliondoa makunyanzi, nikafuta makovu, nikawanyooshea watu mashati kwa ncha ya penseli. Kila mteja alipokuja kuchukua picha nilimwinulia juu aione, nikamuuliza, "Nzuri, sivyo?" Na kila mteja akanijibu, "Nzuri sana, Bwana Picha." Wengi hawakurudi tena. Nilidhani ni kwa sababu mtu hahitaji picha nyingi maishani.

Mzee Okelo wa Pap Onditi, kule Nyakach, aliletwa na mwanawe Gideon, aliyekuwa karani wa mizani ya miwa huko Muhoroni. Wewe ulikuwa darasa la tatu. Mzee alikuja na koti zito juani na kofia aliyoishikilia kwa mikono miwili mpaka nilipomwambia aivae. Alikuwa wa rika la wale walioondolewa meno sita ya mbele ya chini walipokuwa vijana, kama mjomba mkubwa wa mama yako. Nilikuwa nimeyaona mapengo hayo tangu siku niliposhuka melini. Nilijua ni mila ya Wajaluo wa zamani. Lakini moyoni, mimi mtu wa kisiwani, niliyachukulia kama hasara ambayo watu wameizoea, na sikuwahi kumuuliza mtu yeyote.

Mzee alikaa, akaliangalia pazia, akaniuliza ile ngazi inakwenda wapi. Nikamwambia haiendi popote, ni rangi tu. Akacheka. Alicheka kwa mdomo wote, kama mtu aliyegundua kwamba hata mjini watu wanadanganyana kitoto, na mimi nikafyatua hapohapo. Katika maisha yangu sijapata uso mwingine kama ule.

Kisha nikauharibu. Kazi hii unaijua: pale unapotia penseli kwenye filamu, picha hutoka nyeupe. Niliinama juu ya filamu ile siku mbili, na penseli niliyoichonga ikawa kama sindano, nikamchorea mzee meno sita. Niliyachora vizuri, Akoth. Niliyatia kivuli upande mmoja, na jino moja nikalipinda kidogo yasije yakaonekana ya bandia. Nilipomwonyesha mama yako aliitazama, akasema, "Umefanya kazi kubwa." Mimi nikasikia sifa.

Gideon alikuja kuichukua. Nikamuuliza swali langu la kila siku, akanipa jibu la kila siku, na akashukuru sana. Kama ningekuwa mtu wa kuona ningeona jinsi alivyorudisha ile karatasi ya kufunikia juu ya picha upesi, kama mtu anayemfunika mtoto.

Mwaka uliofuata mzee alikufa. Nilifunga studio nikapanda basi mpaka Pap Onditi. Nakuambia ukweli, sikwenda kwa majonzi matupu. Nilitaka kuiona picha yangu mezani kando ya jeneza, na watu wa Nyakach nzima wakipita mbele yake. Walinikaribisha vizuri kama kawaida, nikakalishwa kivulini pamoja na wachungaji, nikaletewa kuku. Na mezani ilikuwapo picha ndogo ya kitambulisho, iliyokuzwa hata uso ukawa kama moshi, na alama ya mhuri imempita mzee begani. Sijui ni nani aliyeikuza. Ilikuwa kazi mbaya ambayo mwanafunzi wangu angeonea haya.

Nilimngoja Gideon mpaka akawa peke yake, nikamuuliza kuhusu ile kubwa. Akasema iko ndani, wameihifadhi isije ikaingia vumbi. Alisema kwa upole, huku akinitazama kifuani. Nikamwambia wamefanya vizuri. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijiambia habari za vumbi.

Nilifika nyumbani Manyatta nikamsimulia mama yako. Alikuwa akipepeta mtama uani. Hakuuacha ungo, wala hakushangaa.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Na hukuniambia. Kila picha nakuonyesha wewe kwanza."

"Unanionyesha," akasema. "Huniulizi."

Nilimwambia kwamba kuonyesha na kuuliza ni kitu kimoja. Akapepeta kwanza. Halafu akasema kwamba nikionyesha picha ninakuwa na uso wa mtoto aliyeleta maji kutoka kisimani kwa mara ya kwanza, na hakuna mtu mwenye moyo wa kumwambia mtoto huyo kwamba maji yana matope. Nikamwambia basi aniambie sasa. Akakataa. Akasema yeye ni mke wangu, tutakosana hapohapo kisha tulale nyumba moja. "Nenda kwa Zablon. Lakini usiende kumuuliza kama ni nzuri."

Zablon unamkumbuka kwa pipi zake za mnanaa. Alikuwa mpiga chapa, duka lake la tatu kutoka kwetu, mtu wa Nyakach kwa kuzaliwa. Kila Jumamosi tulicheza ajua, na katika miaka yote hiyo hakuniachia nishinde hata mara moja kwa huruma. Alikuwa akizichukua kete zangu na kuniuliza kama kwetu Ukerewe watu wanacheza bao au wanalipikia. Sikuwa na kitu alichokitaka, wala yeye hakuwa na kitu nilichokihitaji zaidi ya makadi ya kubandikia picha. Nilipopata mashine mpya ya kukuzia, yeye ndiye aliyefurahi kuliko mimi.

Kazini kwake kulikuwa na desturi moja ambayo nilikuwa nimeiona kwa miaka bila kuifikiria. Aliyepanga herufi hakuruhusiwa kuisoma karatasi ya majaribio. Hata kama ni Zablon mwenyewe aliyepanga, alimwita mwingine aisome. Aliyepanga, alisema, husoma kile alichotaka kuandika.

Basi nikaenda na nakala yangu ya picha ya Mzee Okelo chini ya kwapa. Nikamwambia Zablon, "Niambie ukweli." Kabla hajafungua mdomo nikaanza kumweleza habari za mwanga wa siku ile, na ugumu wa koti jeusi, na siku mbili za penseli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa ubao wa ajua chini ya meza. "Umeshajijibu," akasema. "Tucheze."

Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba sikuwa nimeuliza kitu. Nilikuwa nimekwenda kuomba nisifiwe na mtu mkali, kwa sababu sifa za watu wapole zilikuwa zimeisha ladha. Jumamosi iliyofuata nilirudi na swali moja. Kwa nini watu wa Mzee Okelo hawakuiweka picha yangu mezani? Nikaliuliza, nikafunga mdomo.

Zablon aliipeleka picha dirishani.

"Huyu ni nani?"

"Mzee Okelo."

"Mzee Okelo mimi namjua. Alinichapa fimbo nikiiba mahindi yake. Huyu simjui." Akaigeuza upande, kama anatafuta mlango. "Bwana Picha, haya meno umeyatoa wapi?"

Nikasema nilitaka kumsaidia mzee.

"Kumsaidia nini? Alikaa chini akang'olewa mbele ya wenzake, na hakulia. Ndiyo akahesabiwa mtu. Wewe na penseli yako umemrudisha utoto. Ulibakisha kumvika kaptula tu, tumpeleke shule." Hakucheka alipolisema hilo, na hilo ndilo lililoniuma. "Wajukuu waliuliza kwa nini babu amewekewa mdomo wa mtu mwingine. Mke wa mzee akasema iondolewe mbele ya macho yake."

"Kwa nini hawakuniambia?"

"Wewe ni mgeni. Mgeni tunachinjia kuku. Maneno kama haya tunaambiana sisi wenyewe."

"Nimekaa hapa miaka ishirini, Zablon."

"Ndiyo," akasema. "Na miaka ishirini tunakuchinjia kuku."

Nilitoka bila kuaga. Jumamosi tatu sikwenda kucheza ajua. Nilikaa studio na mlango nimeurudisha, nikitunga majibu, na yalikuwa majibu mazuri sana. Nilimkumbusha Zablon kichwani mwangu kwamba yeye hajui kushika kamera. Nilimwambia kwamba mteja alilipa na akashukuru. Nilishinda kila mara, maana hakuwapo. Yeye hakuja kuomba radhi, wala hakununa. Aliniletea makadi yangu kama kawaida, yamefungwa kwa uzi. Siku moja jioni nikiwa nafunga mlango nilijikuta nawaza kwamba katika mji mzima wa Kisumu kuna mtu mmoja tu aliyenifikiria kiasi cha kunikasirisha, na kwamba ni yeye ninayemkimbia.

Jumamosi ya nne nikabeba sanduku la nakala zangu za mwaka mzima. Nikamwomba azipange mafungu mawili: zile ambazo watu wa hapa watazitundika ukutani, na zile watakazozitia ndani ya sanduku chini ya mablanketi. Alizipanga kama anavyopanga kete, bila kusita. Sikusema neno. Kunyamaza kule kulikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Fungu la sanduku lilijaa picha nilizozihangaikia kwa penseli. Za ukutani zilikuwa chache, na nyingi nilizisafisha kwa haraka siku za sikukuu, nilipokosa muda wa kuzirekebisha.

Usidhani alipatia kila kitu. Alitupa kwenye fungu la sanduku bibi arusi mmoja ambaye nilijua ametundikwa sebuleni kwake, hatua chache kutoka nyumbani kwetu. Nikajifunza na hilo: neno la rafiki unalipokea lote, unalala nalo, asubuhi unalipima. Na si kila neno chungu ni la kweli. Palikuwa na fundi mwenzangu aliyeniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba macho yangu yamechoka na ni afadhali niiuze lenzi yangu kubwa. Aliitaka lenzi.

Filamu ya Mzee Okelo nilikuwa nayo bado. Penseli hutoka kwa pamba na tapentaini, hilo pia unalijua. Nikafuta jino baada ya jino, polepole, nikiogopa kuukwaruza uso, na mwisho akabaki mzee mwenyewe, anaicheka ngazi yangu. Nikaichapa upya kwa ukubwa uleule nikapanda basi.

Gideon alikuwa kazini Muhoroni. Nilimkuta Mama Gideon, mjane wa mzee, amekaa mlangoni na mkewe Gideon. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa Kijaluo changu kibovu, lakini sikuyafikia. Niliifunua tu picha, nikamwambia kwamba ile ya kwanza niliikosea, nikamuuliza kama hii imekosewa pia na ni wapi.

Aliipokea kwa mikono miwili. Kisha akatia kidole juu ya pengo la picha, taratibu, kama unavyomgusa mtu aliyelala.

"Huyu ndiye alikuwa ananichekelea," akasema. Akasogeza kidole juu. "Na kofia imepinda. Hukumwona?"

"Nilimwona."

"Na hukumwambia. Alikuwa anajali kofia sana, huyu."

Nikasema ni kweli, nilipaswa kumwambia. Akamgeukia mkwewe. Akasema, kwa sauti ambayo haikufichwa, kwamba huyu jadak amekuja bila taarifa na hakuna kuku wa kuchinjwa leo, apewe samaki waliobaki jana, na akimaliza asaidie kuzipasua zile kuni. Jadak ni mtu anayekaa kwenye ardhi ya wengine. Kwa miaka ishirini walikuwa wakiniita hivyo nisipokuwapo. Siku ile niliitwa nikiwa nimesimama pale pale, na shoka nikakabidhiwa. Nilipasua kuni vibaya, na mama yule akaniambia hivyo pia. Ndani ya basi la kurudi nilinuka moshi na jasho, na sijui kama tangu nitoke kwa mama yangu niliwahi kujisikia niko nyumbani kama siku ile.

Unayajua yaliyofuata. Studio ilipona, polepole. Mama yako akawa msomaji wangu wa kwanza, maana nilijifunza kumuuliza. "Mtu wa nyumbani kwake ataona nini hapa kwanza?" Hilo lilikuwa swali letu. Alinijibu kwa miaka mitano mpaka alipougua, na hata kitandani alitaka aletewe nakala, akazishika karibu na uso na kunionyesha kidole nilichokikata, au mama niliyemsimamisha kama askari.

Huko uendako mtafute Zablon wako. Humjui bado. Pengine atakuwa mwalimu wa hesabu mwenye ulimi mbaya, au yule mama mkongwe wa darasa la kwanza ambaye wenzake wanamkwepa. Mwangalie mtu asiyekuhitaji, anayefurahi ukipata, na asiyekuachia ushinde. Mwombe akae nyuma ya darasa lako siku moja. Usimuulize kama umefundisha vizuri, atakuhurumia. Muulize ni wapi watoto walikuacha ukienda peke yako. Halafu unyamaze, hata kama una sababu nzuri. Sababu utamwambia mwezi ujao, kama bado utaikumbuka. Na ukibadilisha kitu, mwite tena aone, kwa sababu mtu akikuambia ukweli halafu asione umefanya nao nini, mara ya pili atakupa kuku.

Sasa nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu nianze kuandika.

Baada ya mama yako, msomaji wangu ulikuwa wewe. Ulikuwa unasimama chumba cha giza, taa nyekundu imekupiga shavuni, picha bado zinadondosha maji. "Baba, huyu bwana arusi anaogopa." "Baba, huyu mama umemwambia acheke na hataki." Hukuwahi kukosea sana. Nilikuwa nazirudia picha usiku kwa ajili ya neno lako moja, na asubuhi sikukuambia, kwa majivuno.

Kisha ukaanza kusema, "Nzuri, Baba."

Sijui ni siku gani. Nilidhani umekua na una masomo mengi. Lakini neno hilo nalijua, Akoth. Nimelisikia miaka ishirini kutoka kwa watu waliokuwa wakizifunika picha zangu upesi. Ulilisema kuhusu picha, halafu ukalisema kuhusu chakula, halafu kuhusu kila kitu nilichokuuliza. Umekuwa na adabu kwangu. Unanipa kiti chenye mgongo ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Na mwezi huu shangazi yako ameniambia, bila kujua kwamba sijui, kwamba palikuwa na nafasi hapahapa Kisumu, shule ambayo ungeweza kwenda kwa miguu, na wewe ndiye uliyeomba Voi. Nilikuuliza mezani, "Umefurahi kwenda, sivyo?" Ukasema ndiyo, Baba. Nilikuuliza kama nilivyokuwa nikiwauliza wateja.

Nina dhana zangu. Nimeziandika hapa na nimezikata, maana nikizieleza nitakuwa nimejijibu, na wewe utatoa ubao wa ajua. Kwa hiyo nakuuliza swali moja, na baada yake nitanyamaza. Nilifanya nini, au niliacha kufanya nini, hata ukaona ni afadhali uwe mgeni kwa watu usiowajua kuliko kukaa na mimi?

Usinijibu stesheni. Nitabishana. Kesho nitabeba sanduku lako, nitauliza kama tiketi unayo, shangazi yako atalia, na tutaagana kwa adabu zetu. Niandikie ukishatulia. Andika kama ulivyokuwa ukisema chini ya taa nyekundu. Nitaisoma barua yako, nitalala nayo, na sitatunga majibu. Ukiona mwezi unapita nami sijaandika, ujue nimeishika, naipima.

Picha yako ndiyo hii. Jumapili hukucheka, na sikukuomba ucheke. Kuna mstari katikati ya nyusi zako ambao mama yako pia alikuwa nao kila aliponingoja nimalize kusema. Niliishika penseli juu ya filamu, nikairudisha kwenye kopo lake. Nimeichapa ulivyo. Kama nimekosea, niambie ni wapi.

Watu wote wa mji huu sasa hunisalimia vizuri. Zablon amezikwa kwao, na mama yako unajua alipolala. Amebaki mtu mmoja anayeweza kuniita jadak nikiwa nimesimama mbele yake, na kesho jioni anapanda treni. Nichinjie kuku nikija kukutembelea, ukitaka. Lakini kwanza niambie lile neno.

Baba yako